Anayesoma Hamaliziwi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta, chini ya dirisha la ghorofa ya kwanza, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali kwa sababu wenyewe hawana haraka ya kuutengeneza. Upande huu hukaa Soli, fundi viatu, na nyundo yake na kopo la misumari. Upande ule ni Bi Kauli na cherehani yake, mama mwenye roho nzuri na mdomo usiojua likizo. Katikati hukaa Shahidi, mlinzi mstaafu, ambaye hana kazi yoyote pale isipokuwa kwamba amewahi kuona kila kitu. Mzee Birika huzungusha kahawa mtaani halafu hurudi nayo hapo hapo, na akishakaa haongei sana, humimina tu. Juu ya vichwa vyao, nyuma ya dirisha lisilofungwa ila mvua ikinyesha, ndiyo ofisi ya Mama Mizani, mhasibu.

Ofisi ni vyumba viwili tu, mafaili mpaka kwenye dari na feni inayolalamika. Lakini we acha! Mtaa mzima huiheshimu ofisi ile kama watu wanavyoheshimu chumba cha upasuaji. Na si kwa sababu ya fedha, fedha hata benki zipo. Ni kwa sababu ya ule usomaji. Mama Mizani haachii hesabu za mteja zitoke mlangoni kabla hazijasomwa kwa sauti: mmoja anashika karatasi na kusoma, mwingine anashika nakala na kusikiliza, na kila tarakimu ikilingana msikilizaji husema "naam" na kutia vema kwa penseli. Miaka yote msomaji amekuwa mdogo wake wa kiume, na sauti yake nzito ilipokuwa ikishuka dirishani, hata Bi Kauli alikuwa akipunguza mwendo wa cherehani.

Asubuhi hiyo yule ndugu mtu alipita mbele ya benchi shavu limeumuka, kitambaa kimezungushwa kutoka kidevuni mpaka utosini. Jino lilikuwa limeng'olewa jana yake. Waliomsalimia aliwajibu kwa mkono. Shahidi akatangaza hapo hapo kwamba leo hakuna usomaji, na Soli akaendelea kugonga msumari ambao ulikuwa umeshaingia zamani.

Soli alijua usomaji utakuwepo, na alijua nani atasoma. Binti yake wa pekee alikuwa huko juu. Alikuwa anajifunza kazi kwa majaribio, akipitia mlango wa nyuma asubuhi na mapema, kwa shauri la baba mwenyewe. Mtoto yule ana kigugumizi tangu alipoanza kusema, na kijiwe hakina dogo la kuliacha lipite. Kupanga risiti na kuingiza tarakimu kwenye kompyuta hakukuhitaji mdomo, na hapo alikuwa hodari. Lakini Mama Mizani alimweleza wazi tangu siku ya kwanza: ofisi ina watu watatu, na asiyeweza kushika karatasi akasoma, hawezi kubaki. Sasa jino la mtu mwingine lilikuwa limeileta siku hiyo mapema. Alfajiri hiyo, kabla hajatoka, binti alikuwa amesimama mlangoni nyumbani, viatu mkononi.

— Baba, leo na... na...

— Leo unasoma wewe. Nimeelewa, mwanangu. Usijali.

Binti alimtazama kidogo, akavaa viatu, akaenda zake. Ndivyo walivyozoea. Soli amemmalizia dukani, amemmalizia shuleni, amemmalizia kwa daktari. Aliona ndiyo mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi. Watu wengine nao walifanya vivyo hivyo. Hata Bi Kauli, binti akija kununua uzi, humwahi kabla neno halijatoka, humpa uzi mweupe, humpapasa bega. Binti hushukuru kwa kichwa. Nyumbani kuna kopo zima la uzi mweupe.

Basi wakati kahawa ya kwanza inamiminwa, Shahidi alikuwa ameshapata jukwaa. Alikuwa anasimulia ile siku walipopeleka hesabu za chama cha walinzi, yeye akiwa mweka hazina, suti ya kuazima mwilini. Ndugu mtu anasoma, Mama Mizani anasikiliza, chumba kimya mpaka unasikia penseli. Katikati ya tarakimu, msomaji akapaliwa.

— Sasa mimi, kwa wema wangu, nikamsaidia, nikaimalizia ile namba. Hesabu si yetu? Naijua. Mama akaweka penseli chini.

— Akasemaje? akauliza Bi Kauli, ingawa hadithi hiyo ameisikia mara chungu nzima.

— Akasema, "Anayesoma hamaliziwi." Basi. Wakarudia ukurasa mzima kutoka juu, na mimi nikaambiwa nikasubiri kwenye ngazi, na suti yangu.

Bi Kauli akataka kujua kosa lilikuwa nini, ikiwa namba aliyoitaja ilikuwa ya kweli. Shahidi akavuta kahawa kwa mluzi. Alisema namba ni kiumbe. Ikianzwa na pumzi ya huyu ikamaliziwa na pumzi ya yule, inakufa mezani, na maiti ya namba ndiyo inayofilisi maduka ya watu.

— Ndiyo maana wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

— Hiyo si inasema watu wasaidiane?

— Wahenga walikuwa wengi, Bi Kauli. Kila mmoja na lake.

Bi Kauli akang'ata uzi, akatema ncha yake pembeni. Kwake yeye jambo lilikuwa jepesi, ni mambo ya vipimo tu. Alisema ukishajiambia kiuno cha mteja kabla ya kuzungusha tepu, utasoma ulichojiambia, na nguo itambana mwenyewe harusini. Lazima uache tepu iseme. Soli alimtazama yule mama vizuri, akafikiria kopo la uzi mweupe.

Ndipo sauti ikashuka dirishani.

"Umeme, elfu kumi na mbili, mia tatu na arobaini."

"Naam."

"Maji, elfu tatu na sitini."

"Naam."

Mkono wa Shahidi ulibaki na kikombe hewani. Ilikuwa sauti ya kike, nyembamba, iliyonyooka. Haikukimbia wala kuburuta. Kila mstari ulitanguliwa na pumzi ndogo, kisha namba ikatoka nzima, ikapokewa kwa ile naam, na nyingine ikafuata. Soli mwenyewe hakuitambua. Alikuwa amejiandaa kusikia kitu kinachojikwaa, na hiki kilikuwa kinatembea. Miaka yote aliyoishi na binti yake hajawahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo. Alichokitambua ni ile pumzi. Tangu mtoto akiwa mdogo, kabla ya kujaribu neno gumu, alikuwa anavuta hewa hivyo hivyo, puani, kidogo.

Hapo kijiwe kikaanza kazi yake, ila kwa minong'ono, kama watu walio msibani. Shahidi aliapa kwamba hiyo ni mashine. Imeagizwa kwa sababu ya jino, imekuja usiku, hakuna binadamu asomaye hivyo. Bi Kauli alimkatalia. Mashine haimezi mate, na yeye amesikia mate yakimezwa baada ya maji. Shahidi akarudi nyuma kidogo, akasema basi ni mtangazaji wa redio amekodiwa kwa saa. Bi Kauli akatikisa kichwa taratibu, na macho yake yalikuwa yameganda dirishani.

— Hiyo sauti ni ya Mama Mizani.

— Si ndiye anayesema naam?

— Ndiye. Na ndilo linalonitia baridi. Hesabu zimesomwa chumba kile tangu mama yule akiwa msichana. Ukuta ni chokaa, na chokaa inanyonya. Hiyo ni sauti yake ya ujana, Shahidi. Ukuta unairudisha.

Shahidi, ambaye hajawahi kukubaliana na Bi Kauli hata kuhusu mvua inayonyesha, alivua kofia yake akaiweka gotini.

— Au zimechoka, akasema. Namba zenyewe. Zimesomwa na watu miaka na miaka, leo zimeamua kujisema. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyemuuliza methali hiyo imefikaje pale. Mpita njia mmoja alisimama na kapu lake, akasikiliza, akaondoka kwa kunyata. Soli alitaka kucheka na alitaka kulia. Neno lilikuwa limemfika mdomoni, kwamba mashine yenu hiyo mimi ndiye niliyeibeba mgongoni, lakini aliogopa. Ukurasa haujaisha. Aliogopa kumtia mkosi.

"Kodi ya pango, elfu arobaini."

"Naam."

"Mishahara, elfu sabini na..."

Kimya.

"...na..."

Feni ilisikika. Mguu wa Bi Kauli uliachia pedali. Shahidi akanong'ona kwamba Mama amekamata kosa, leo kuna mtu anafungwa.

Soli alijua si kosa. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka yenyewe, kwa mazoea ya miaka yote, imsukumie mtoto neno. Na neno halikuwepo. Baada ya ile "na" ingeweza kuja moja, ingeweza kuja tisa, ingeweza kuja yoyote. Kwa mara ya kwanza tangu amzae, binti yake alikuwa na kitu cha kusema ambacho baba yake hakijui. Alikaa pale na mdomo wazi kama kiatu kilichoachia soli, na uchungu aliousikia hajawahi kuusikia.

Halafu likamjia jambo jingine. Huko juu kulikuwa na mtu anayeijua ile namba. Iko mbele yake kwenye nakala, kwa wino, chini ya ncha ya penseli. Ingemgharimu nini kuitaja? Lakini Mama Mizani hakuitaja. Hakukohoa, hakusogeza kiti, hakusema pole wala taratibu mwanangu. Alisubiri tu, kama ambavyo angemsubiri mtu yeyote. Soli hakujua kwamba kumsubiri mtu kunaweza kuwa kitu kikubwa hivyo.

Kimya kilirefuka mpaka Mzee Birika akaweka birika chini ili lisigonge. Kisha ikasikika ile pumzi ndogo.

"...na nane, mia tano."

"Naam."

Ilikuwa naam ile ile ya umeme na ya maji, haikuongezwa sifa wala huruma. Sauti ikaendelea, ikakwama tena mahali kidogo, ikasubiriwa tena, ikafika chini ya ukurasa. Wakamsikia Mama Mizani akisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai:

"Geuza. Na kesho pia utashika wewe."

Soli akajifuta uso kwa aproni yake yenye gundi. Shahidi hakumwona, alikuwa bado anatazama juu, na Bi Kauli alikuwa ameweka kiganja ukutani kupima kama chokaa ina joto.

Hapo ndipo alipotokea yule mgeni, mwanamume wa makamo, bahasha nono kwapani, jasho usoni, sura ya mtu asiyejua kama anaingia kwa daktari au kwa hakimu. Aliwaamkia wote, akauliza kama hapo ndipo kwa mama wa hesabu, akaoneshwa ngazi. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akasikiliza dirisha, akageuka.

— Samahani, jamani. Huyo anayesoma ni nani?

Shahidi alimtazama Bi Kauli, Bi Kauli akatazama cherehani. Kumwambia mgeni, mchana kweupe, kwamba ni ukuta? Soli akaweka nyundo chini.

— Ni... akaanza. Ni... ni...

Yeye, fundi wa kuwamalizia wengine. Bi Kauli alishavuta pumzi ya kumsaidia, Shahidi naye alishanyoosha kidole, "Ni mashi...", lakini Mzee Birika aliinua mkono uliokuwa na kikombe.

— Anayesoma hamaliziwi, akasema.

Wakasubiri. Lilikuwa jambo geni kwenye benchi lile, na walilifanya vibaya, wakihemahema na kujikuna, lakini walisubiri. Mgeni naye alisubiri na bahasha yake. Soli akavuta hewa puani, kidogo.

— Ni mwanangu.

Cherehani ilikuwa imesimama kitambo. Bi Kauli aliinuka nusu, akakaa tena.

— Yule binti ninayempa uzi mweupe?

— Huyo huyo, akasema Soli. Yeye hutaka mweusi.

Mgeni aliwatazama mmoja mmoja, watu wazima wanne kwenye benchi moja, na aliuliza bila ubaya wowote, kwa sababu hakuelewa:

— Sasa mbona hasemi mwenyewe?

Bi Kauli aliinamia boksi lake akaanza kupekua chini kabisa, chini ya vifungo na mabaki ya vitambaa, akiweka kando kila uzi mweupe. Mzee Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Soli, na halikutoa kitu. Huko juu walikuwa wameanza ukurasa wa pili.