Bati la Duka la Lalit

Nafuna alipanda gari la Bungoma pale Kitale akiwa amekumbatia kipande cha bati. Mzee aliyeketi kando yake akamtania, "Mama, unabeba bati kama mtoto! Si lile duka kubwa wanauza mapya, tena bei iko chini?"

"Nilinunua huko, mzee. Mikunjo yake haiingiliani na ya hili, la duka la Lalit. Ndugu yangu alikuwa ameezekea nusu ya nyumba kwa mabati ya Lalit, akafa."

"Si urudi kwa Lalit?"

"Alifunga. Sote tulikimbilia bei."

Mzee akausukuma mfuko wake wa duka kubwa chini ya kiti, polepole. "Mazishi ni lini?"

"Kesho. Na kwetu mwanamume hatolewi kwenda kuzikwa kutoka nyumba isiyo na paa. Bungoma kuna duka la zamani lenye mabati kama hili?"

"Lilikuwako," mzee akajibu, gari likisimama.