Kwanza Shambani

Ndani ya taksi ya Butembo kwenda Beni, mama muuza samaki alimuuliza muuguzi aliyeketi karibu nami kama siku hizi wanapasua wagonjwa kwa jembe.

"Asubuhi mutoto moja amekufa mu mikono yangu, mama," muuguzi alijibu, jembe lake likiwa magotini. "Nikirudi vile niko, nitafokea batoto yangu. Donc nalimaka kwanza."

"Mais kanisa iko, infirmière," mama akampinga.

"Naombaka pia. Lakini kwa kanisa mikono haichokake."

Mama alisema Mungu hahitaji jasho la mtu ili amtulize, na sisi abiria, ambao hakuna aliyetuuliza, tukaitikia amina. Taksi ikasimama Kalunguta.

"Na shamba yako ikiisha kulimwa?" mama akauliza.

"Ilisha kuisha," muuguzi akasema akishuka. "Sasa nalimaka ya majirani."