Joska Lamwaka, Ambaye Hakuiondoa Hoja Yake

Wapendwa waombolezaji, historia hii imeandikwa na Ogwang, mume wa marehemu, na inasomwa na mdogo wake marehemu kwa sababu mwandishi anaiamini kalamu yake kuliko sauti yake leo.

Marehemu Joska Lamwaka alizaliwa tarehe 29 Desemba 1967 katika nyumba za polisi za Naguru, mtoto wa tatu wa Sajini Abwola na mkewe Aloyo, wote wenyeji wa Kitgum. Alisoma shule ya msingi hapo Naguru hadi mwaka 1981, akaendelea na sekondari huko Gulu, na mwaka 1988 akajiunga na mafunzo ya uuguzi wa magonjwa ya akili, aliyoyamaliza mwaka 1991. Baadaye, akiwa mama wa watoto wawili, alirudi darasani Chuo Kikuu cha Kyambogo na kupata shahada ya ushauri nasaha mwaka 2007.

Alifanya kazi wodini kwa miaka thelathini na mitatu, na wagonjwa walimwita Mama Sajini, kwa jinsi alivyowaita kwa majina yao kamili kila asubuhi kama gwaride. Alifunga ndoa na Ogwang tarehe 20 Agosti 1994, wakajaliwa Aber na Oloya, ambao mko nao hapa Banda leo.

Kanisani alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama kwa miaka tisa na mjumbe wa sinodi, baraza kuu la dayosisi, kwa sita, na ni huko ambako maisha yake yalipata jambo ambalo baadhi ya waliokaa hema la mbele wangependa lisisomwe.

Tarehe 6 Agosti 2022 mama mmoja alimleta wodini binti yake wa miaka ishirini, ambaye hapa tutamwita Abalo, akiwa na kilo thelathini na nane na nyayo zilizovimba. Abalo alikuwa amempenda msichana mwenzake, na kwa kosa hilo alikuwa amekaa siku kumi na tisa katika nyumba iliyokodiwa na dayosisi nje ya mji, ikiitwa Nyumba ya Urejesho, ambako watumishi wa Mungu walimnyima chakula na kumchapa nyayo ili abadilike. Joska alimuuguza wiki saba, akamuuliza Askidikoni Josias, msimamizi wa nyumba hiyo, ni kitabu gani cha tiba kinachofundisha hayo, akajibiwa kwamba mambo ya kiroho hayana kitabu, jibu la ajabu kutoka kwa mtu anayelipwa kusoma kimoja.

Tarehe 9 Desemba 2022 alisimama mbele ya sinodi na kutoa hoja ya sentensi moja, kwamba kasisi au mlei yeyote wa dayosisi asimfunge, asimnyime chakula, asimpige wala asimtishe mtu kwa nia ya kumbadilisha anayempenda. Majadiliano yalichukua dakika tisini, na sabini kati ya hizo wasomi wetu wa theolojia walizitumia kuchunguza kama neno "asimpige" linaweza kuwahusu watu waliowekewa mikono ya ukasisi. Kasisi mmoja akapaza sauti, "Mama, nani amekutuma, wazungu?" naye akamjibu, "Baba, hao wazungu wana adabu mbaya sana, maana hata chai hawajaninunulia." Ukumbi ukacheka, Askofu akagonga kengele, wakaenda kula.

Walipotoka kula hawakuirudia hoja. Mwezi Machi 2023 kumbukumbu za kikao zilitoka zikisema, "Hoja iliondolewa na mtoaji." Joska hakuwa ameiondoa. Kanuni za sinodi, ambazo alizijua kuliko waliozitunga, zinasema hoja huondolewa kwa sahihi ya mtoaji peke yake, na sahihi hiyo haikuwepo. Aliandika barua nne akiomba kumbukumbu zisahihishwe, akapata jibu moja, la kumshukuru kwa kuendelea kuiombea dayosisi. Mwezi Juni walimvua uenyekiti, na akina mama aliowafundisha kushona sare zao wakaanza kuvuka barabara wakimwona.

Novemba 2024 madaktari waligundua kansa ya kongosho. Tarehe 11 Mei mwaka huu wa 2025, Askidikoni Josias alifika kitandani kwake na maua, sala fupi na karatasi iliyopigwa chapa, ya kuthibitisha kwamba aliiondoa hoja kwa hiari. Akamwambia, "Mama, weka tu sahihi, mambo iishe, tukuzike na heshima yote." Joska, ambaye wiki hiyo alikuwa hawezi kushika kijiko, alivaa miwani, akaisoma yote, akauliza, "Baba Askidikoni, kama niliiondoa miaka miwili iliyopita, hii sahihi ya leo ni ya nini?" Mtumishi huyo akatazama maua yake, akaondoka, na kwa haraka yake akaisahau karatasi.

Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na saba.

Juzi parokia iliiletea familia historia ya marehemu iliyokwisha kuandikwa, ikisema alijutia "kuteleza kwake" kabla ya kifo, na ujumbe kwamba tukiisoma nyingine Askofu hatavaa joho la kuongoza mazishi. Tulimjibu aje na suti, na tunamshukuru kwa kuja na suti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama mwenzao, majirani wa Banda waliopika na kukesha, wafanyakazi wenzake wa wodini, na mama yake Abalo, aliyekuja na kukaa nyuma bila kuitwa. Wanasinodi, mnaokutana Oktoba, jueni kwamba karatasi ile anayo mumewe, haina sahihi, na haitapata sahihi sasa, hivyo kwa kanuni zenu wenyewe hoja ingali mezani ikiwasubiri.

Joska, kazi yako umeimaliza, yao bado. Pumzika kwa amani.