Nyimbo za Feliksi Bukuru Katika Daftari la Vipimo

Bwana asifiwe, asalaam aleikum kwa ndugu zetu wa Ujiji, shikamooni wazee. Aliyepewa na familia kazi ya kusoma karatasi hii ni Butoyi, pacha wa marehemu, ambaye hajapata usingizi wa maana tangu Jumapili, kwa hiyo akikwama mtamvumilia.

Feliksi Bukuru alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Kidahwe, kwa mzee Gwimo na mama Rozalia, wote wametangulia mbele za haki, na kama ilivyo desturi yetu Waha, pacha aliyetoka kwanza akaitwa Bukuru na aliyemfuata akaitwa Butoyi. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kidahwe kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akamaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, maana akili yake yote ilikuwa kwenye gitaa alilojitengenezea kwa galoni la mafuta na waya wa breki, breki ya baiskeli ya baba, kosa lililowafanya pacha wote wawili wachapwe ingawa mkosaji alikuwa mmoja.

Mwaka 1978 alihamia Mwanga, hapa mjini, kujifunza ushonaji, na mwaka 1982 akapata cherehani chake mwenyewe kwenye baraza jirani na soko, akakaa hapo mpaka miguu ilipogoma. Mwaka huohuo alijiunga na kwaya ya kanisa letu, akiwa mpiga gitaa na mwalimu, na Jumamosi alipiga na Katonga Jazz, bendi ya rafiki yake Mudathir aliyekaa pale mbele na kofia yake, kwenye harusi za Ujiji na sherehe za kule mwaloni kwa wavuvi, wala hakuona tatizo, alikuwa akisema mikono ni ileile na aliyeiumba ni yuleyule. Katika kwaya alimpata Leonida, wa sauti ya pili, wakafunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa watoto wanne, Scola, Noel, Diana na Castory, na wajukuu saba.

Sasa tufike pale ambapo wengi wenu mnapajua nusu. Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba 1994, kwenye harusi moja mchana huko Ujiji, bendi ilimaliza nyimbo zake zote na watu wakakataa kukaa, Feliksi kwa kubanwa akapiga tuni ya wimbo mpya wa kwaya, bila maneno, kwa mwendo wa haraka, watu wakacheza hadi vumbi. Kesho yake kanisani kwaya ikauanza wimbo uleule, na vijana waliokuwa harusini wakajikuta wanatikisa mabega kwenye mabenchi, jamani, hata mama mmoja mtu mzima alitikisa. Wazee wa kanisa wakamwita, wakamweka chini ya nidhamu, asisimame na kwaya wala asishiriki Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Feliksi aliwajibu kwa adabu kwamba kuichanganya ile tuni alikosea na anaomba radhi, ila kutamka kwamba kuwapigia maharusi gitaa ni dhambi hawezi, kwa sababu haamini hivyo, na kusema uongo madhabahuni ndiyo dhambi anayoiogopa.

Basi akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, miaka ishirini na tisa na miezi minane. Wengi walimshauri ahamie kanisa lingine, yako mengi tu hapa mjini, akasema alibatizwa hapa na Mungu anamjua kwa benchi lile. Kila alfajiri alisali kabla ya kugusa cherehani, na wazee walewale waliendelea kumletea vitambaa vya suti, naye akawashonea, na suti zilikaa vizuri.

Mwaka 2015, kwenye jubilei ya kwaya, Leonida alipewa cheti na kitenge kwa kuitungia kwaya nyimbo ishirini na sita. Gauni alilolivaa siku hiyo alilishona Feliksi, akampigia makofi akiwa palepale mlangoni.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na presha, baadaye figo, akawa anaingia na kutoka hospitali ya mkoa, na mwezi Aprili mwaka huu mchungaji alimfuata wodini kumpa nafasi ya mwisho ya kutubu, akajibiwa lilelile la mwaka 1994, kwa sauti ndogo zaidi. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa tatu asubuhi, Leonida akiwa amemshika mkono.

Aliyekufa chini ya nidhamu kwaya haimwimbii, huo ndio utaratibu wetu na familia haikubishana nao, imechoka. Lakini juzi wazee waliruhusu wimbo mmoja tu, kwa heshima ya mama mtunzi, ili afarijike, na asubuhi ya leo mwili ulipotolewa nyumbani, wanakwaya, mliuimba, Mungu awabariki, mliuimba vizuri mno.

Leonida ameomba mwisho wa historia hii usomwe kama alivyosema yeye. Hajawahi kutunga hata ubeti mmoja. Tangu awekwe chini ya nidhamu, mumewe alikuwa akishona huku akiimba chinichini, yeye akichambua dagaa huku akishika maneno, na Alhamisi akiyapeleka mazoezini, na siku ya kwanza alipoulizwa wimbo ni wa nani akababaika, mkadhani ni unyenyekevu, mkampigia makofi, akarudi nyumbani akilia. Feliksi akamwambia aache hivyohivyo, wimbo ukishaingia kanisani si lazima mwenyewe aingie nao, akamwapisha asiseme maadamu yeye yu hai. Nyimbo zote ziko katika daftari lake la vipimo, kati ya viuno na mabega ya wateja, kwa mwandiko wake, na daftari lenyewe liko juu ya jeneza, anayetaka kuliona asogee. Leonida anasema amelibeba jina lisilo lake mpaka mgongo unamuuma, na hawezi kumzika mume na kumzika mtunzi pia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mwanga mliotukalia msibani siku tatu, mafundi wenzake wa sokoni mliofunga kazi, na Katonga Jazz kwa turubai na viti. Mwisho inaishukuru kwaya, iliyomwimbia Feliksi miaka yote hiyo bila kujua. Wimbo wake wa ishirini na saba haujawahi kuimbwa, uko ukurasa wa mwisho, Leonida anaujua na atauanza kaburini, peke yake, atakayemwitikia amwitikie.

Pumzika sasa, Bukuru, benchi la mlangoni liko wazi, Butoyi atalikalia badala yako.