Ukungu Haukuwa Wangu

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, mume na watoto wa Mama Punguza mlioketi mbele, wafanyakazi wenzangu, na ninyi mliosimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano nimsifu fundi wetu mkuu wa programu anayestaafu leo. Nitamsifu, lakini kwanza nina jambo la kukiri, na nimelikalia miaka sita.

Wageni, msishangae jina hilo la Mama Punguza. Sisi wachoraji tunachora michezo ya video. Yeye anaangalia kama konsoli, ile mashine ya kuchezea nyumbani, itaweza kuibeba. Kila asubuhi alipita nyuma ya viti vyetu, kikombe mkononi, akisema neno moja tu: "Punguza." Majani ya mti? Punguza. Vifungo vya shati la mtu anayepita sekunde mbili? Jamani, punguza! Nilimchukia, nasema kweli.

Ule mchezo wetu wa mji mkongwe niliuchora kwenye kompyuta kubwa isiyoshindwa na kitu. Mapaa mia nane, yote yaonekane kutoka mlimani. Akaniambia, "Mwanangu, chora ukiwaza konsoli." Nikamjibu, "Konsoli mpya ikija, itabeba." Ikaja. Kumbe watengenezaji walikuwa wamekata memori, nafasi ya kubebea picha zetu, ili iuzike kwa bei nafuu. Tulipata nusu ya tuliyoitegemea. Tukawasha mchezo, mji ukaganda, shujaa wetu mguu mmoja hewani. Zilibaki wiki tisa, na Mkurugenzi, unakumbuka ulivyotuambia: tukichelewa, tunafunga studio.

Nilijifungia chooni nikalia. Ni nani aliyekuja kugonga? Mama Punguza: "Toka huko, dawa imepatikana. Tunaweka ukungu." Ukungu ukifunika mitaa ya mbali, konsoli haina haja ya kuichora, inachora ya karibu tu. Hakuondoa paa langu hata moja. Ukilisogelea, linatokea.

Kilichofuata mnakijua. Watu waliusifu ukungu kuliko mji wenyewe: una huzuni, una siri, mchoraji kaona mbali! Nikapewa tuzo. Na mimi, kwa mdomo huu huu, nikapanda jukwaani nikasema ukungu ule niliuota utotoni. Yeye alikuwa ukumbini akipiga makofi. Kesho yake akapita nyuma ya kiti changu kama kawaida. Hakuniaibisha siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Mama, sikuota kitu. Nilisema uongo, na kila niliposifiwa nilitamani ardhi inimeze. Ukungu ni wako, na kazi zetu sote humu zilipona kwa sababu yake. Tuzo yenyewe hii hapa. Nimempelekea mchongaji, amefuta jina langu na kuandika lako, herufi kwa herufi. Naomba uje uipokee mbele ya watoto wako, maana walikua wakidhani mama yao kazini anakataza tu.

Ahsante, Mama, kwa kuninyamazia hadi nilipopata ujasiri. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza bila kunizomea.