Mikono ya Bi Sichana Ndani ya Kanga

Assalaam alaykum, wasikilizaji wapendwa. Popote ulipo, jikoni, dukani, au umelala na homa yako, karibu tukae pamoja. Mimi ni Radhiya. Leo tunamkumbuka Bi Sichana Himid, mzaliwa wa Makunduchi, aliyefariki dunia wiki iliyopita na kuzikwa huko huko kwao. Bi Sichana alikuwa yaya. Nasema tena kwa waliofungua redio sasa hivi: alikuwa yaya. Alilea watoto wa watu hapa mjini tangu usichana wake mpaka uzee wake. Hakuwa waziri, wala hakuwa na duka. Lakini hebu nenda Kikwajuni ukamtaje kwa wanawake wanaofanya kazi za majumbani, uone watakavyoweka ndoo chini wakusimulie.

Na kila niliyezungumza naye alianza na jambo moja: mikono yake. Bi Sichana akija kwako kutafuta kazi, mikono huificha ndani ya kanga. Unamletea mtoto, mzuri, ananukia poda, anacheka. Hampokei. Mikono imo ndani ya kanga mpaka utaje mshahara. Walikuwapo waliosema, huyu mwanamke mkavu, hapendi watoto. Jamani! Ngojeni niwaeleze alikolitoa jambo hilo.

Alikuja mjini akiwa msichana, mama yake kabaki Makunduchi analima mwani. Alichukuliwa na marehemu Bi Ummy wa Kikwajuni, amlelee mwanawe mchanga, Riyama. Yaya wa kulala hapo hapo. Kaka yake Sichana, Mzee Msabah, ndiye aliyempeleka. Ananiambia: "Nikauliza, atapata kiasi gani? Bi Ummy akanijibu, kiasi gani cha nini? Huyu nshamfanya mwanangu. Basi sisi tukafurahi. Tukarudi zetu tunamwombea dua."

Mwanangu. Neno tamu hilo, wasikilizaji. Na Bi Ummy hakuwa mtu mbaya, msije mkamsema vibaya marehemu. Sichana alikula walichokula wao. Sikukuu ikifika, alipata doti ya kanga. Lakini Riyama akilia usiku, anayeamka ni Sichana. Asubuhi, anayefua nepi ni Sichana. Mshahara hakuna. Mtoto wa nyumbani halipwi, au siyo?

Siku ikafika, mama yake akaugua. Sichana akaomba malipo yake apate kumtibu. Bi Ummy akaumia kweli kweli. "Unanidai mimi, Sichana? Mimi mama yako?" Akampa nauli na kanga mpya. Sichana akapanda gari, akaenda kwao, asirudi.

Huku mjini Riyama akagoma kula. Bi Ummy akakodi gari, akambeba mtoto, hao mpaka Makunduchi. Mama yao alikuwa keshapata nafuu, na Mzee Msabah alikuwapo. "Dada yangu alikuwa keshajipanga," anasema. "Aliposikia gari akaniambia, leo nnasema naye. Nnamwambia kila kitu. Bi Ummy akaingia. Hata kuamkiana hatujamaliza, akamtia dada yangu mtoto mikononi. Mtoto akamkumbatia shingo, akalala. Dada yangu akafunga vitu vyake, mtoto yuko begani. Jioni ile ile wakarudi mjini."

Mshahara haukutajwa. Nasema tena, haukutajwa.

Mmeuona mchezo huo? Tusijifanye hatuujui, wanawake wenzangu. Mtoto kwanza, maneno baadaye. Mtu akishampakata mtoto, keshampenda, na akishampenda atabishana nawe vipi? Bi Sichana alikaa kwa Bi Ummy mpaka Riyama akaanza skuli. Siku aliyotoka pale, akajiwekea sharti lake: mimi sishiki mtoto mpaka tusikilizane.

Bwana Tahir wa Mlandege, muuza vitambaa, alilijua sharti hilo vizuri. Huyu ni mtu anayepatana bei na dunia nzima. Anacheka akinisimulia: "Mke wangu alimlaza mtoto mkekani, katikati yetu. Mtoto analia. Mimi nazungusha maneno, nasema kwanza tuone kazi yako. Bi Sichana mikono imo ndani ya kanga. Nikasema, utakula hapa, utalala hapa. Akanambia, chakula si mshahara, baba. Na nikilala hapa, usiku nao ni kazi, utautajia malipo peke yake. Nikirudi kwangu, nauli mbali. Wallahi nilitoka jasho. Nikataja. Papo hapo akamnyanyua mtoto, mtoto akanyamaza." Alikaa nao miaka, na Bwana Tahir mpaka leo anasema hajawahi kupata mtu kama yule.

Na wenziwe wakamwiga. Leo Kikwajuni ukimwona msichana amesimama mlangoni, mikono ndani ya kanga, ujue kafundwa na Bi Sichana.

Sasa sikilizeni mwisho wake.

Riyama yule yule, leo mtu mzima, kajifungua mtoto wa kike. Akataka yaya. Atamwomba nani kama si dada yake aliyemlea? Bi Sichana alikuwa mgonjwa tayari, hata kupumua kwa tabu. Lakini alikuja kutoka Makunduchi na binti mmoja wa huko, Yusra, awe yaya. Riyama mwenyewe anasimulia, na analia.

"Nilimkimbilia na mtoto. Nikasema, Dada, mshike mjukuu wako. Mikono akaiingiza ndani ya kanga. Nikasema, Dada, hata mimi? Akanijibu, wewe hasa. Nikamwona anamwinamia mtoto, anamnusa, anamtaka, jamani, anamtaka! Nikamwambia, lakini Yusra nitamfanya mdogo wangu. Akasema, usimfanye mdogo wako. Mlipe. Nikamuuliza, na haki yako wewe kwa mama yangu? Akasema, mama yako nshamsamehe, tena zamani. Huyu usimpe cha kusamehe."

Riyama akataja mshahara. Akataja usiku. Akataja siku ya mapumziko. Bi Sichana akauliza, "Na Sikukuu?" Riyama akasema, Sikukuu anakwenda kwao.

Hapo mikono ikatoka. Akampakata yule mtoto tangu alasiri mpaka ikaadhiniwa magharibi, na hakuna aliyethubutu kumpokea. Siku chache baadaye akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tunampa mkono wa taazia Mzee Msabah, na Riyama, na Yusra, na watu wote wa Makunduchi na Kikwajuni. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Sichana, na ampe kwa mkono wake kila alichonyimwa hapa.

Na wewe unayenisikiliza. Pengine sasa hivi kuna mtu kampakata mwanao, huko ukumbini, ndiyo maana umepata nafasi ya kukaa na redio. Umemwita mwanangu, umemwita mdogo wangu. Mshahara je, ulimtajia? Kama hukumtajia, basi zima redio uende ukamtajie. Mimi sitokasirika.