Joho Lililofika Peke Yake

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Kama kuna mtu anapiga pasi hapo nyumbani, asiizime. Aendelee taratibu huku anasikiliza. Leo tunamkumbuka dobi.

Wateja walimwita Mama Mvuke. Duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na mahakama. Chumba kimoja, meza ndefu, pasi mbili, na kamba iliyopita kutoka ukuta hadi ukuta. Mawakili walimletea majoho yao meusi. Wazazi walimletea sare za shule. Kwa nguo za marinda hakuwa na mpinzani. Alipiga rinda moja moja, kuanzia juu kwenda chini, na mtu akimharakisha alimwambia aende akanywe chai kwanza. Wiki iliyopita Mama Mvuke alifariki dunia, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu.

Sasa tuanze mwanzo. Mama Mvuke alikuwa na mtoto mmoja, binti. Ndoa ilipovunjika, baba alikwenda kutafuta maisha mbali, na mtoto akabaki kwa shangazi yake, mji mwingine. Shangazi alimpenda. Hilo tuliseme, tusimwonee mtu. Lakini alimpenda mpaka akasahau kwamba mtoto ana mama. Mama Mvuke alikwenda kubisha hodi, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Mwisho akavuka barabara, akafungua shauri mahakamani. Alitaka mwanawe arudi nyumbani kabla hajaanza shule. Hicho tu.

Wakili wake alikuwa mteja wake pia. Kijana mwenye maneno matamu na kazi nyingi. Jioni ya kuamkia siku ya shauri alimwachia joho lake, akasema watakutana mahakamani asubuhi alichukulie hapo. Kisha akamwonya: "Mama, usiingie ndani bila mimi. Ukiingia peke yako utaharibu kila kitu."

Wasikilizaji, yashikeni maneno hayo. Usiingie bila mimi.

Asubuhi ile Mama Mvuke alifika kabla ya mfagizi. Akaketi kwenye benchi nje ya mlango, joho mkononi, limenyooka, hataki hata kuliegemeza lisije likajikunja. Ndani, shangazi ameshakaa. Mtumishi wa mahakama akatoka mlangoni, akaita jina la Mama Mvuke. Mama akanyanyuka nusu. Akaangalia ngazi. Wakili haonekani. Mtumishi akaita mara ya pili, akaita ya tatu, macho yake yako uani kwenye umati wa watu. Mama Mvuke alisikia zote. Angenyoosha mkono angemgusa yule mtumishi begani. Lakini aliambiwa asiharibu. Mtumishi akarudi ndani, na mama wa watu akaketi tena.

Shauri likafutwa. Mahakama ilisema mleta shauri hakuhudhuria. Tunarudia, wasikilizaji wapendwa. Mleta shauri alikuwepo. Joho la wakili lilikuwepo. Wakili hakuwepo.

Alikuwa wapi? Alipokea kesi mbili asubuhi moja, katika miji miwili. Alidhani ile ya kwanza itakuwa fupi. Aliazima joho la mwenzake, akaingia nalo, na kesi ikamng'ang'ania mpaka mchana.

Mama Mvuke aliomba shauri lirudishwe. Hakimu akamjibu kwa upole kwamba wakili ni mdomo wa mteja, na mdomo usipofika, mteja naye hajafika. Akaongeza kuwa kila anayekosa kufika akisamehewa, kesi hazitaisha, na wa upande wa pili nao huacha shughuli zao kuja kungoja. Si neno la kijinga hilo. Lakini huyu mama kosa lake lilikuwa kutii, na adhabu yake ilikuwa mtoto.

Kule kwa shangazi mtoto aliuliza. Akaambiwa mama yake aliitwa mahakamani, hakuja, na asiyekuwepo na lake halipo. Binti akakua na methali hiyo.

Tangu hapo Mama Mvuke alimlea mwanawe kwa kukadiria. Shule zikikaribia kufunguliwa, sketi za wasichana zilijaa mezani. Aliwauliza wazazi umri wa mtoto. Akisikia umri wa binti yake, sketi hiyo aliiweka ya mwisho. Aliipiga taratibu kuliko zote, kisha akaipima kwa shibiri, kiuno kwanza, halafu urefu. Mwaka huu atakuwa amefika hapa. Mwaka uliofuata, hapa. Kaka yake aliwahi kumkuta ameshika sketi ya mtoto wa watu, pasi imepoa. Akamwambia, dada yangu, subira huvuta heri. "Akanijibu kwamba ameivuta mpaka mikono imeota sugu," anasema kaka mtu, "na heri yenyewe haijasogea."

Joho nalo lilibaki dukani. Wakili aliona haya kulifuata. Akahamishia nguo zake kwa dobi mwingine, akawa anaingia mahakamani kwa mlango wa nyuma. Mama alilitundika mwisho wa kamba. Vumbi likitua alilifuta, akalipiga pasi upya. Mteja akiuliza, alijibiwa kuwa lina mwenyewe.

Mama alikata rufaa, nayo ilichukua miaka. Jalada lilipotea, likapatikana. Jaji alihamishwa. Siku iliposikilizwa, katika jengo lile lile, binti alikuwa amemaliza shule na kuanza kazi. Shangazi alivimba miguu, kwa hiyo binti alimsindikiza. Alikwenda kumshika shangazi mkono tu. Yule mwanamke asiyekuja hakuwa na hamu ya kumwona.

Hapo ndipo yule wakili wa zamani aliposimama. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ameota mvi. Akasema: "Waheshimiwa majaji, mama huyu alikuwepo. Alikaa nje ya mlango huu na joho langu mkononi, kwa sababu mimi nilimkataza kuingia. Asiyekuwepo ni mimi."

Majaji waliamua kwamba mteja aliyetimiza wajibu wake asibebeshwe kosa la wakili wake. Shauri lirudi likasikilizwe. Haki ilipatikana, wasikilizaji wapendwa. Ila la kusikilizwa halikuwepo tena. Mtoto aliyegombewa alikuwa mtu mzima, ameketi safu ya nyuma, analia.

Walipotoka, Mama Mvuke alikaa kwenye benchi lile lile. Binti akaja akasimama mbele yake. Mama akamtazama kuanzia kiunoni kwenda chini. Akasema: "Urefu niliupata. Kiuno ndicho nilichokikosea."

Binti anasema alicheka kabla hajaelewa. Alipoelewa, alikaa chini pale pale sakafuni.

Baada ya hapo Jumamosi zote zilikuwa zao. Mama alisimama upande mmoja wa meza, binti upande wa pili, wanafundishana kujuana. Mama alisisitiza amfundishe marinda. Binti alikuwa na haraka, na mama akamwambia aende akanywe chai kwanza. Kisha kifua kikaanza, na Jumamosi zikawa za hospitali.

Binti anasema anamlilia mama aliyemzika, lakini anamtamani zaidi yule wa utotoni ambaye hakumpata. "Kuna siku nilikwenda shule sketi imejikunja, nikachekwa darasa zima," anasema. "Saa hiyo hiyo mama alikuwa na pasi mkononi, mji mwingine, ananyoosha ya mwenzangu."

Kwa binti, kwa kaka mtu, na kwa shangazi ambaye naye analia, tunawapa pole nyingi. Mungu awape moyo wa kustahimili. Nasi tuliobaki tujiulize: aliyesimama kwa niaba yetu akikosa kufika, mzigo abebe nani? Wenye sheria waendelee kulitafuta jibu. Wewe, ukisikia jina lako linaitwa, inuka uingie.

Neno la mwisho tunamwachia binti. Siku ya mazishi wakili alikuja, akakaa nyuma kabisa. Binti alimfuata na lile joho mkononi, akamkabidhi.

"Nimelipiga mwenyewe," akamwambia. "Marinda ya mgongoni hayajakaa sawa. Mama alikuwa hajamaliza kunifundisha."